Kibaraka Aliyetikisa Kichwa Badala Yangu

Lonnie ndiye aliyetuingiza wote. Alikaa meza ya pili kutoka kwangu, idara ya madai ya mvua ya mawe, kwenye kampuni ya bima pale Omaha. Asubuhi moja ya Juni, mwaka 2011, alinigonga bega.

"Vaa hedifoni, dada Janelle. Acha mapaa ya watu kidogo."

"Nina madai arobaini hapa."

"Hayo mapaa yameshatoboka. Hayatatoboka zaidi. Vaa."

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ukumbi wa katuni. Mbele kulikuwa na jukwaa lenye meza tano za madijei, na chini yake umati wa vichwa: panya, paka, bundi, dubu. Kila dijei alipiga wimbo mmoja kwa zamu, na sote tukausikiliza sekunde ileile, kila mtu na mahali alipo. Ukiupenda unabonyeza kitufe, kichwa chako kinaanza kutikisika. Usipoupenda unabonyeza cha pili, na wakizidi wa namna yako wimbo unakatwa katikati, mwenyewe anaaibika mbele ya kadamnasi. Pembeni palikuwa na mahali pa kuandikiana. Tovuti iliitwa Jukehall, na hakukuwa na zaidi ya hayo. Nikimweleza mtu leo ananiuliza, sasa kilichowapagawisha ni nini hasa? Namwambia sijui. Nilianza na kichwa cha panya cha wageni, na kwa nyimbo zangu kupendwa, kufika Agosti nilikuwa nimepanda cheo hadi dubu.

Kiangazi kile ofisi nzima ilikuwa ikitikisa vichwa. Vikao vilichelewa kuanza. Lonnie aligombana wiki mbili na mtu wa Ohio juu ya mpiga ngoma mmoja, mtu ambaye hajawahi kumwona na hatamwona. Tulikula mezani, kwa sababu ukishapata kiti jukwaani ukakaa kimya dakika kumi na tano unashushwa, na nyuma yako kuna watu mia wanakimezea mate. Mimi mwenyewe nimebana haja ndogo saa nzima ili nisipoteze zamu, na nina digrii.

Tovuti ilikuwa na vyumba vingi, kila kimoja na jukwaa lake; chetu kiliitwa Walio Kazini. Humo ndimo alimoingia kaka yangu.

Mimi nilikuwa natumia jina langu; yeye hakuingia kwa lake. Alijiita Mbao na Misumari, akawa na kichwa cha panya kama kila mgeni, akapanda jukwaani na kupiga polka, muziki wa akodiani wa wazee. Watu wakaanza kucheka pembeni. Mimi sikucheka. Ilikuwa bendi ya marehemu baba yetu, imerekodiwa kwenye banda la gari kule Wilber, na kaseti yake ilikuwa na nakala mbili tu duniani. Moja ilikuwa kabatini kwangu.

Rollie ni fundi kabati, anaishi Kearney, saa mbili na dakika arobaini na tano kutoka Omaha, barabara imenyooka tangu unapotoka mpaka unapofika. Tulikuwa hatujasemezana tangu mazishi ya mama, mwaka 2008. Alikuwa ametoa akodiani ya baba kwa bendi ya shule bila kuniuliza, na mimi nikamwambia palepale kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, mbele ya shangazi zetu, na sahani ya nyama ya nguruwe mkononi, asinipigie simu tena maisha yake yote. Rollie ni mtu wa kushika neno. Hakupiga.

Polka ilipokwisha sikuandika kitu. Nilibonyeza tu kitufe, dubu wangu akatikisa kichwa. Zamu yangu ilipofika nikapiga wimbo mmoja wa gitaa aliokuwa akiusikiliza akiwa na miaka kumi na sita hadi mama akatishia kuitupa redio. Panya wake akatikisa kichwa.

Huko ndiko kupatana kwetu. Tangu siku hiyo, kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, Rollie alikuwa karakanani kwake na kompyuta juu ya benchi la randa, mimi mezani kwangu na mapaa yangu, tukipigiana nyimbo. Hatukuandikiana hata neno moja la maana. Ni "huu mzuri" na "huu nilikuwa nimeusahau" basi. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Tulikuwa tumepata njia isiyomtaka yeyote kati yetu aombe radhi.

Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini hii haikupasuka hata. Ilipoa. Asubuhi moja watu wa nchi za nje wote walifungiwa, tukaambiwa ni mambo ya vibali vya nyimbo. Simu zikaanza kumpa kila mtu nyimbo zake peke yake, bila kungoja zamu ya mtu wala kuvumilia wimbo wa mtu. Sisi tukapata meneja mpya aliyekuwa akipita nyuma ya viti. Chumba kilichokuwa na watu mia tatu kikawa na sitini, kisha ishirini. Na jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti ni kwamba tulikuwa tumechoka. Kusikiliza nyimbo za watu wengine kutwa, tena kwa adabu, ni kazi.

Lonnie ndiye aliyeleta kibaraka.

"Ni kiprogramu kidogo tu," alisema. "Kinakubonyezea kitufe, kinakupigia nyimbo kutoka kwenye orodha yako, na kila baada ya dakika chache kinaandika neno ili usishushwe."

"Neno gani?"

"Lolote. Wewe unampa maneno, kibaraka anachagua."

"Huo si utapeli?"

"Dada, nusu ya vichwa unavyoviona mle ni vibaraka. Unadhani kuna binadamu anapenda nyimbo zako zote?"

"Nenda zako."

"Naenda. Nakutumia kwa barua pepe."

Nilimpa maneno matatu: "Moto huo!", "Ongeza sauti!" na "Hapo umenigusa." Mwanzoni nilimwasha wakati wa vikao tu. Halafu siku za mvua ya mawe, madai yanapofurika. Kufika vuli ya mwaka 2012 nilikuwa namwasha asubuhi nikitundika koti na kumzima jioni nikilichukua, na hedifoni ziko kwenye droo. Sikuwa nimemkasirikia mtu. Nilijua Rollie yuko mle, naye anajua mimi niko mle, na hilo lilinitosha. Nilikuwa na nia ya kurudi.

Tarehe kumi na moja Machi, Jumatatu, kompyuta yangu ilikuwa nzito, nikaanza kufunga madirisha moja moja. Dirisha la Jukehall lilikuwa bado limebeba maandishi ya wiki iliyopita. Nikapandisha juu, bila sababu, nikiwa natafuna tufaa. Alhamisi, saa nne na dakika arobaini, Mbao na Misumari alikuwa ameandika hivi:

"Janelle, majibu yametoka. Ni saratani ya koo. Wanaondoa kisanduku chote cha sauti, mwezi huu au ujao. Baada ya hapo sitaongea tena. Nilitaka ujue mapema."

Chini yake, dakika mbili baadaye, kulikuwa na kichwa cha dubu na jina langu: "Moto huo!"

Yeye: "Sawa."

Dubu: "Ongeza sauti!"

Baada ya hapo hakuandika tena. Mashine ilionyesha kwamba ametoka chumbani saa tano kasoro tano.

Nilisoma mara tatu. Nikangoja kitu kinipande, kilio au chochote, hakikuja. Nikamaliza tufaa. Nikamaliza dai la bwana mmoja wa Papillion, vigae mia mbili na kumi, upande wa kaskazini. Naikumbuka idadi ile mpaka leo, na naona aibu kuikumbuka.

Saa sita nilimwonyesha Lonnie. Alisoma akashika mdomo.

"Mpigie simu," alisema. "Sasa hivi."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Upi?"

Kama nilikuwepo, basi kaka yangu alinieleza saratani yake nami nikamshangilia. Kama sikuwepo, basi tangu vuli amekuwa akinipigia nyimbo kila siku ya Mungu na hapakuwa na mtu. Nilitafuta ukweli wa tatu sikuuona.

"Mwambie ulikuwa chooni," Lonnie alisema.

Nikacheka. Tukacheka sote wawili, pale kwenye mashine ya kahawa.

Jambo nililolitaka lilikuwa moja: niongee naye kabla hawajamkata. Nimwombe radhi kwa mdomo, anijibu kwa sauti yake, hata akinitukana. Sauti ya Rollie ni nzito, ina mkwaruzo, hana haraka. Mara ya mwisho kuisikia ni chini ya kanisa, na hata pale mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele. Nililijua hili vizuri sana, na bado nilipopiga simu jioni ile iliita mara moja nikakata. Jumatano niliingia chumbani bila kibaraka, nikaandika, "Rollie, upo?" Dubu wangu alikaa peke yake jukwaani katikati ya vichwa kumi na moja vinavyotikisika. Mmoja akanijibu, "Wimbo mkali!" Hapakuwa na wimbo unaopigwa.

Rollie aliandika mwezi huu au ujao. Kati ya hiyo miwili mimi nilichagua ujao, nikajiambia muda upo. Jumamosi ya kwanza niliogopa theluji barabarani. Ya pili niliosha gari kwa ajili ya safari, kisha nikalirudisha bandani. Ya tatu ilikuwa mkesha wa Pasaka, nikasema siwezi kumharibia mtu Pasaka yake. Mchana nilifanya kazi kama kawaida, usiku nililala kama kawaida. Meneja alinisifu.

Jumamosi ya nne, tarehe sita Aprili, nilikwenda.

Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya hotuba. Nilikuwa nimeamua kumwambia habari ya kibaraka, kwamba si mimi niliyeandika maneno yale, na kwamba kutokuwepo kwangu ndilo kosa langu. Grand Island nilisimama kunywa kahawa, nikakaa nayo kwenye gari mpaka ikapoa. Nikaanza upya kutoka mwanzo, nikaona inatosha, nikaendelea.

Aliyefungua mlango hakuwa Rollie. Alikuwa mama mmoja mfupi, umri wa miaka sabini hivi, amevaa sweta jekundu la timu ya chuo na aproni juu yake.

"Ndiyo?"

"Namtafuta Rollie. Mimi dada yake."

Alinitazama toka juu mpaka kwenye viatu.

"Janelle?"

"Ndiyo."

"Kumbe wewe ndiye Moto Huo."

Nilishusha macho kwenye aproni yake.

"Mimi Corliss," alisema. "Mle ndani nilikuwa bundi. Meza ya tano. Tumekaa jukwaa moja karibu miaka miwili, mimi na wewe, bega kwa bega."

"Nilidhani wewe ni kibaraka." Lilinitoka tu.

"Mimi!" Akacheka kwa nguvu. "Mwanangu, mimi nimeendesha basi la shule miaka thelathini, kelele kutwa. Nimestaafu, mume nimemzika, nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikiwaza. Nilikuwa nasikiliza kila wimbo mle ndani. Hata polka zenu, Mungu anisamehe."

"Umefikaje hapa?"

"Si nilisoma alichoandika siku ile? Nikangoja dada yake aseme kitu. Akasema." Alinikazia macho kidogo, halafu akayaondoa. "Nikamwandikia faraghani, nani anakupeleka hospitali? Akasema atajiendesha. Ajiendeshe wapi, na kurudi je? Mimi niko Hastings, dakika hamsini tu. Nikamwambia basi la shule nimelirudisha, lakini dereva bado yupo."

"Kwani ameshapelekwa?"

"Ingia ndani, unaniingizia baridi."

Rollie alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda. Shingoni alikuwa na kitambaa chepesi cheupe, na chini yake palikuwa na tundu ambalo pumzi ilitokea; niliisikia. Mapajani alikuwa na ubao mdogo mweupe na kalamu ya wino wa kufutika. Aliponiona aliinua mkono, akautikisa mara mbili, kama mtu anayemsalimu jirani ng'ambo ya barabara.

Niliisema hotuba yangu nikiwa nimesimama, koti mwilini. Nikamwambia yote: Lonnie, kibaraka, maneno matatu, hedifoni kwenye droo. Nikamwambia si mimi niliyejibu. Nikamwambia samahani, kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana Rollie hajawahi kumkata mtu kauli, kisha akaandika akanigeuzia ubao.

"Najua. Tangu Oktoba."

"Umejuaje?"

Akafuta kwa mkono wa shati, akaandika kwa muda. "Nilirekodi msumeno wangu, nikaupiga jukwaani. Dakika nne. Ukasema hapo umenigusa."

Corliss aliyekuwa mlangoni akajishika ukutani kwa kucheka. "Nilikuwepo! Nikasema loo, huyu ana masikio ya ajabu."

Rollie naye alicheka. Mabega yalipanda na kushuka, macho yakatoa machozi, na pumzi ikatoka kwa kasi pale shingoni, lakini sauti haikuwepo. Niliendelea kuingoja hata alipokuwa ameshamaliza.

"Sasa kwa nini uliendelea kuja?" nilimwuliza. "Kama ulijua hakuna mtu. Kwa nini hata habari yenyewe ulimwambia kibaraka?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Nilisema siku moja utachungulia."

Halafu, bila kunipa nafasi, akafuta na kuandika swali. "Umesoma lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Katika hotuba nzima sikuwa nimeitaja tarehe, na wala sikuwa nimegundua kwamba nimeiruka.

"Jana," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Uso wake ukalegea. Akaandika: "Umekuja haraka." Akanionyesha kiti.

Nilivua koti nikaenda jikoni kusaidia, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye kile kiti. Corliss alikuwa akikoroga chili, mchuzi wa nyama na maharage, mikate ya mdalasini imepangwa kwenye sinia. Rollie alikuwa bado analishwa kwa mrija. Chakula kile kilikuwa chetu.

"Alilazwa siku ngapi?" niliuliza.

"Usiku tisa. Walimkata Jumanne ya tarehe kumi na tisa."

Tarehe kumi na tisa. Nilipiga hesabu kimoyomoyo, nikakuta tayari nilikuwa nimeshasoma kwa siku nane.

"Hospitali ya Lincoln?"

"Lincoln gani? Omaha." Alionja, akaongeza chumvi. "Ghorofa ya sita. Mimi nililala kwa binamu yangu wa Bellevue, nikawa namtembelea. Jioni ile kabla ya kukatwa alikuwa na maneno, sijapata kumsikia anaongea vile. Sauti imeshakwaruza, lakini hanyamazi. Kupitia dirishani palionekana jengo moja lina saa nyekundu juu, akaniambia, yule dada yangu yuko pale, idara ya mvua ya mawe. Nikamwambia ni kuvuka bustani tu, ngoja nikavae viatu nimlete, muongee wakati bado unaweza. Akakataa."

"Alisema nini?"

"Alisema usisumbuliwe kazini. Alisema bado hujasoma, kwa sababu ungesoma ungekuwa umeshakuja." Akanigeukia na mwiko mkononi. "Nilimbishia. Nikamwambia huenda amesoma. Akasema, simjui dada yangu?"

Meza yangu iko upande wa saa ile. Tarehe kumi na nane, ile Jumatatu, nilikuwa mezani hadi saa kumi na moja jioni. Nilijaribu kukumbuka nilifanya nini siku hiyo, nikashindwa. Ilikuwa siku kama nyingine.

"Nilisoma tarehe kumi na moja," nilimwambia Corliss.

Aliacha kukoroga. Usoni mwake hapakuwa na kicheko tena.

"Basi usimwambie," alisema. "Ana faida gani nayo? Ale maisha yake."

Nilisimama pale jikoni. Chili ilikuwa ikichemka. Ingekuwa rahisi, na Corliss angetunza siri, na Rollie angebaki na dada aliyekuja haraka. Hata sasa siwezi kusema ni kitu gani kilinipeleka. Halikuwa jambo la ushujaa. Sikuwa nasikia chochote, si woga wala huzuni. Nadhani nilikuwa nimechoka tu na watu kumwambia kaka yangu maneno mazuri badala yangu, mimi nikiwa mmoja wao.

Nilirudi sebuleni nikakaa kwenye kile kiti, karibu kiasi cha magoti yetu kugusana.

"Si jana," nilimwambia. "Nilisoma tarehe kumi na moja mwezi uliopita. Ulipokuwa Omaha nilikuwa nimeshajua."

Rollie alinitazama. Akachukua ubao, akafuta yale maneno "Umekuja haraka", akafuta mpaka pembeni pakawa peupe kabisa. Akaushika na kalamu juu yake, nami nikangoja. Kutoka jikoni Corliss aliuliza nani anataka mkate. Rollie akairudishia kalamu kifuniko chake, akauweka ubao sakafuni ukiwa mtupu.